Mtaro Umechimbwa, Je, Maji Yamezama?

Barua za safari hii zimetoka milimani na tambarare za Uganda, kuanzia Kabale hadi Karamoja, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tumechimba, tumepanda, tumezuia, tutajuaje kama kazi imefaa? Ile ya Sironko tumeijibu kwa urefu kwa sababu majibu mengine yanaegemea hapo. Neno moja litajirudia: dakio, yaani eneo lote la ardhi ambalo mvua yake ikitiririka huishia kwenye kijito kimoja.

Ndugu wataalamu, kikundi chetu kimechimba mitaro ya kontua (inayofuata mstari wa usawa mmoja kilimani) kilomita 4 na kupanda miti ya kaliandra na greviliya juu ya kijito chetu. Sasa ni miaka mitatu na wafadhili wanakuja kutathmini. Fomu yao inauliza urefu wa mitaro, idadi ya miche na idadi ya watu waliofundishwa. Je, inatosha?
*Katibu wa kikundi, Sironko*

Haitoshi, Ndugu Katibu. Fomu hiyo inahesabu jasho lenu. Jasho lina heshima yake, lakini udongo unaweza kuendelea kuhama hata pale penye kilomita 4 za mitaro ikiwa mitaro yenyewe imejaa tope, na miche iliyohesabiwa siku ya kupanda si lazima iwe hai leo. Tathmini ya dakio huuliza mambo manne: bado unaondoka udongo kiasi gani, mvua kiasi gani inatiririka badala ya kuzama, kijito kinabaki na maji kiasi gani wakati wa kiangazi, na maji ya chini ya ardhi yamepanda au la.

Kabla ya kifaa chochote, tafuteni dakio la kulinganisha. Mvua ya mwaka huu haifanani na ya mwaka juzi, kwa hiyo mkilinganisha kijito cha Februari hii na cha Februari ya kabla ya mradi, huenda mnapima mawingu tu. Chagueni dakio la jirani lisilo na mitaro, lenye ukubwa, mteremko, udongo na mazao yanayokaribiana na lenu, kisha mpime yote mawili siku zilezile. Ilifaa kipimo kianze mwaka mmoja kabla ya jembe la kwanza. Kwa kuwa wakati huo umepita, dakio la jirani ndilo shahidi wenu pekee. Wekeni na kipima mvua katika kila dakio: hata kopo lenye kuta zilizonyooka linafaa, likisimama mahali pa wazi mbali na miti na nyumba na kusomwa kila siku saa 3 asubuhi.

Kwa udongo, kifaa rahisi ni nondo. Kateni nondo za milimita 12 zenye urefu wa sentimita 60, mzigongee ardhini sentimita 45. Ivikeni kila moja washa (kibati cha duara chenye tundu katikati), iteremke yenyewe hadi ardhini. Kila mwisho wa mvua pimeni kutoka kichwa cha nondo hadi kwenye washa, au hadi usoni mwa udongo ikiwa washa imefunikwa: umbali ukiongezeka, udongo umeondoka, ukipungua, umelundikana. Tumieni nondo 20 hadi 30 kwa kila shamba, kwa mistari inayokatiza mteremko juu, katikati na chini, maana moja ikigongwa na jembe au kusukumwa na ng'ombe haiharibu hesabu yote. Milimita 1 ikiondoka kwenye hekta nzima ni mita za ujazo 10, na kwa udongo wenye uzito wa tani 1.2 kwa mita ya ujazo, hizo ni tani 12. Hapo ndipo nondo zinapodanganya watu: udongo uliolimwa huvimba kisha hushuka wenyewe bila kwenda popote. Pimeni kabla ya kulima na baada ya kulima, na tofauti hiyo msiihesabu kama mmomonyoko.

Mkitaka kujua maji yanayotiririka, tengenezeni kipande cha kupimia, mita 2 kwa mita 10, kimoja ndani ya eneo lililotunzwa na kimoja nje. Kizungushieni mabati yaliyozikwa sentimita 15 na kubaki sentimita 15 juu ya ardhi, na chini kabisa wekeni mfereji unaoingiza maji kwenye pipa la lita 200. Sasa fanyeni hesabu kabla ya mvua, si baada yake. Mvua ya milimita 40 juu ya mita za mraba 20 ni lita 800. Robo yake ikitiririka, pipa limejaa kabisa. Ikija milimita 60 na asilimia 40 ikatiririka, ni lita 480, na lita 280 zinamwagika bila kuhesabiwa. Mvua hiyo moja ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya udongo wa msimu mzima, na ndiyo mnayoikosa. Dawa yake ni kukata matundu 9 yaliyo sawa karibu na mdomo wa pipa la kwanza, maji ya tundu moja yaelekezwe pipa la pili, na kilichomo humo kizidishwe mara 9. Matundu yasawazishwe kwa pimamaji; moja likiwa chini kidogo litakunywa sehemu ya wenzake.

Baada ya mvua koroga pipa kwa nguvu hadi chini pasibaki tope, chota lita 1 wakati maji bado yanazunguka, yaache yatulie siku nzima, mwaga maji safi, kausha tope na ulipime. Gramu 8 kwa lita, mara lita 200, ni kilo 1.6 kutoka mita za mraba 20; kwa hekta ni kilo 800, kwa mvua moja.

Kwenye kijito chenyewe, wekeni bati nene lenye mkato wa V wa digrii 90, likingwe pembeni na chini kwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Rula ya kusomea kina isimikwe nyuma ya bati, umbali usiopungua mara 4 ya kina kikubwa mnachotarajia, kwa sababu karibu na mkato maji huinama na kusomeka pungufu. Kina cha sentimita 5 juu ya ncha ya V ni takribani lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4, sentimita 20 ni karibu lita 25. Mnaona jinsi inavyoruka. Kosa la sentimita 1 mnaposoma sentimita 10 huleta kosa la karibu robo ya maji yote, kwa hiyo msomaji awe mmoja, na asome milimita. Maji yaanguke huru kutoka kwenye bati; yakigusana na bwawa la chini, hesabu haifai. Na tope la nyuma ya bati lizolewe kila wiki wakati wa mvua.

Mtegemee nini? Tope kijitoni hupungua mapema, pengine msimu wa kwanza au wa pili. Mafuriko ya ghafla hushuka kadiri majani yanavyoshika. Maji ya kiangazi huchelewa zaidi, na miti michanga inayokua kwa kasi inaweza hata kuyapunguza kwa muda kwa sababu nayo inakunywa. Mfadhili anayetaka kuona kijito kimejaa ndani ya miaka mitatu aelezwe hivyo wazi.

Jambo la mwisho kwenu: pimeni tope lililomo mitaroni. Vikundi vingi hulionyesha kwa fahari, "tumezuia udongo huu wote." Kweli umezuiwa, lakini umetoka kwenye shamba la mtu. Mtaro unaojaa haraka unasema kwamba shamba la juu yake bado liko wazi, halina matandazo wala majani, na kazi iliyobaki iko huko.

Afisa mmoja alituambia fanya juu (mitaro ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu) ziwe kila mita 20. Jirani yangu anasema mita 10. Nani wa kusikilizwa? Na zichimbwe kina gani?
*Mkulima wa mahindi na viazi, Kapchorwa*

Mteremko ndio wa kusikilizwa. Vuta kamba ya mita 10 kutoka juu kuelekea chini, isawazishe kwa pimamaji, kisha pima urefu kutoka kamba hadi ardhini kwenye ncha ya chini. Ikiwa ni mita 2, mteremko ni asilimia 20. Gawanya asilimia hiyo kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3: unapata tofauti ya urefu wima kati ya tuta na tuta. Kwa asilimia 20 ni mita 2.1, na ukitembea shambani ni kama mita 10 na nusu. Kwa asilimia 10 ni mita 13 na nusu. Kwa asilimia 30 ni mita 9 na nusu. Kwa hiyo mita 20 ni mbali mno kwa mteremko wowote wa namna hii.

Mtaro wa kawaida ni sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukirushwa upande wa juu, na kati ya mtaro na tuta iachwe nafasi ya sentimita 15 hadi 30 ili udongo usirudi shimoni. Fanya juu ilienea kutoka Machakos, Kenya, na hekima yake iko kwenye kuurusha udongo juu: kila msimu jembe na mvua huleta udongo nyuma ya tuta, na shamba hujisawazisha lenyewe polepole kuwa ngazi.

Sasa uone kwa nini kuzoa tope ni lazima. Mtaro huo unabeba mita za ujazo 0.36 kwa kila mita ya urefu. Juu yake, kwa mteremko wako wa asilimia 20, kuna mita za mraba 10.5 za shamba. Mvua ya milimita 40, nusu yake ikitiririka, inaleta mita za ujazo 0.21. Mtaro safi unaimeza yote. Mtaro uliojaa tope hadi nusu umebaki na 0.18, na maji yanafurika kuelekea shamba la chini. Yakishapita mahali pamoja palipo chini, yanakata, yanaongeza kasi na kuvunja tuta la pili, la tatu, hadi bondeni. Ndiyo sababu kazi huanzia juu ya kilima, hata kama mwenye shamba la chini ndiye mwenye hamu zaidi.

Mstari wa kontua chora kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukatiza, na uzi wenye jiwe. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mti wa kukatiza, igeuze miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo kila mita 5 hadi 10, vifupi kuliko tuta kwa sentimita 15 hivi, maana kontua ya mkono haikosi kupinda, na bila vizuizi maji yote hukimbilia penye upungufu. Juu ya tuta panda seteria au majani ya tembo. Majani ya tembo yanagombania chakula na mahindi ya mstari wa kwanza. Yakate mara kwa mara, ng'ombe wa zizini atashukuru.

Tunaishi chini ya mlima, huku Bududa. Mradi unataka tuchimbe mitaro ya kuzamisha maji ili chemchemi zisikauke. Wazee wanaogopa. Ni hofu tu?
*Mama wa kamati ya chemchemi, Bududa*

Mama, wazee wana sababu, na mradi uwasikilize. Bududa hamhitaji kukumbushwa maporomoko ya Nametsi ya Machi 2010, wala majirani zenu wa Bulambuli Novemba 2024. Kwenye mteremko mkali wenye udongo mzito wa mfinyanzi, maji yanayozama huongeza uzito na kusukuma chembe za udongo ziachane. Udongo ukipoteza mshiko, mlima unateleza. Mtaro wa usawa unaoshikilia maji hapo unaweza kuwa ndio unaomwagilia sehemu itakayoporomoka. Hatari zaidi ni sehemu zilizobonyea kama kiganja, ambako maji ya pande zote hukutana chini ya ardhi.

Mahali kama hapo maji yaondolewe kwa utaratibu. Chimbeni mfereji wa kukinga juu ya sehemu hatari, wenye mteremko mdogo wa asilimia 0.5 hadi 1, upeleke maji kwenye njia pana iliyooteshwa majani hadi kijitoni. Mitaro ya kuzamisha ihamishiwe kwenye migongo ya vilima yenye mteremko wa wastani, palipo mbali na nyumba. Pandeni miti ya mizizi mirefu, na msikate miguu ya mlima kupata kiwanja cha nyumba, kwani ukiondoa mguu mwili unashuka.

Mkiona ufa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya shamba, miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi iliyozuka pasipokuwa na maji jana, au milango iliyoanza kukwama, msiingie kwenye majadiliano. Hameni kwanza, mvua ikiwa inanyesha msisubiri usiku, na mwenyekiti wa kijiji (LC1) ajulishwe saa hiyohiyo. Katika tathmini yenu, andikeni mahali ambapo kuzamisha maji kumekatazwa. Mradi ulioacha kuchimba mahali pabaya umefanya kazi nzuri, hata kama fomu haina nafasi ya kuiandika.

Matuta ya ngazi ya babu zetu yanabomolewa na vijana, na korongo linakua kutoka barabarani. Tuanzie wapi?
*Mzee wa kijiji, Kabale*

Mzee wetu, vijana wanabomoa kwa sababu inayoeleweka. Ngazi zilizohimizwa huko kwenu Kigezi tangu miaka ya 1940 zimekusanya udongo mzuri kwenye ukingo wa chini wa kila ngazi, na sehemu ya juu ya ngazi imebaki mifupa. Kijana akichimba ukingo na kumwaga udongo kwenye shamba la chini yake, msimu huo anavuna vizuri, na baada ya hapo ukingo haupo. Kumkataza peke yake hakutoshi. Samadi na mboji ziwekwe nusu ya juu ya ngazi kila msimu, maharage yazungushwe hapo, na ukingo upandwe majani ya kulisha mifugo ili uwe na faida ukisimama. Kipimo chake ni rahisi: pimeni mavuno ya mita 2 kwa mita 2 juu na chini ya ngazi ileile. Pengo likipungua mwaka hadi mwaka, hamu ya kubomoa nayo inapungua.

Korongo ni jambo jingine, na chanzo chake ni barabara. Barabara ya changarawe hainywi maji; kilomita 1 yenye upana wa mita 6 ikipata mvua ya milimita 30 inakusanya hadi lita 180,000, na mfereji wake ukimwagwa kwenye shamba mahali pamoja, korongo halikwepeki. Dai lenu la kwanza kwa wilaya ni mifereji ya kutolea maji iwe mingi na midogo, kila mmoja uishie penye majani au shimo la kutuliza. Kuziba korongo bila kugusa barabara ni kupoteza mawe.

Maji yakishapunguzwa, jengeni vizuizi vya mawe ndani ya korongo, kila kimoja kisimame mahali ambapo kilele chake kiko usawa na mguu wa kile cha juu yake. Katikati kiwe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, ncha ziingie nusu mita ndani ya kuta za korongo, na chini patandikwe mawe maji yanapoangukia. Vizuizi vingi hufa kwa sababu moja: vilijengwa kama ukuta ulionyooka, maji yakazunguka pembeni na kupanua korongo.

Kisima chetu cha pampu ya mkono hukauka Februari na Machi. Tukichimba mitaro na kupanda miti, maji yatarudi? Tutapimaje?
*Mtunza kisima, Apac*

Anza na pampu. Kwenye pampu za mkono za aina ya U2 au U3, ukipiga mara nyingi bila kitu kisha maji yakaja na kuendelea vizuri, valvu ya chini inavuja au bomba lina tundu, na maji ya ardhini hayana lawama. Maji ya kahawia asubuhi ni dalili ya mabomba ya chuma yanayoliwa na kutu. Lakini maji yakianza kwa nguvu, yakapungua, na kurudi baada ya kupumzika saa moja, hapo kweli kisima kinaishiwa.

Kwenu maji hukaa katika mwamba uliooza na nyufa za mwamba mgumu chini yake. Nafasi za kuhifadhi ni ndogo: mara nyingi asilimia 1 hadi 5 tu ya ujazo. Kwa hiyo kina cha maji kikipanda mita 2 baada ya mvua, kilichoingia ni kati ya milimita 20 na 100, pana mno kumpelekea mtu kama jibu la uhakika. Linganisha visima badala ya kutegemea namba moja. Chagua kisima kilichoachwa au cha kuchimbwa kwa mkono ndani ya eneo la mitaro na kingine nje, teremsha mkanda wenye kopo zito, na pima kabla ya jua kuchomoza, kisima kikiwa kimepumzika saa 8 au zaidi. Kisima kinachotumika mchana hakisemi ukweli, kwa sababu kila anayepiga pampu anashusha maji. Pima wiki kwa wiki, siku ileile, chora kwenye karatasi ya mraba pamoja na mvua. Angalia zaidi jinsi mstari unavyoshuka kiangazi: kisima chenye dakio lililotunzwa kinapaswa kushuka taratibu kuliko mwenzake.

Je, mitaro inaweza kusaidia? Fanya hesabu hii. Kilomita 1 ya mtaro wa sentimita 60 kwa 60 inabeba mita za ujazo 360. Ikijaa mara 10 kwa mwaka ni 3,600. Tuseme nusu inachukuliwa na jua na mizizi, inabaki 1,800. Watu 300 wakichota lita 20 kila mmoja kwa siku wanatumia karibu mita za ujazo 2,200 kwa mwaka. Kwa hiyo si mzaha, ila maji hayo hayatii amri; mengine yataenda kwenye kinamasi cha bondeni au kisima cha kijiji kingine. Mitaro iwe juu ya kisima, ndani ya dakio lake.

Uchunguzi uliofanyika bonde la Aroca, huko kwenu Apac, ulionyesha kwamba maji ya chini hujazwa zaidi na siku za mvua kubwa kuliko na jumla ya mvua ya mwaka. Mtaro wa tope katikati ya msimu unakosa siku hizo hasa, hivyo zoeni kabla ya mvua ya Aprili na tena kabla ya Agosti.

Kuhusu unywaji wa udongo: kata pete kutoka pipa la mafuta, upana wake ni karibu sentimita 58, weka ndani yake pete ya sentimita 30, zigonge sentimita 10 ardhini, jaza maji zote mbili na pima yanavyoshuka pete ya ndani kila dakika 10 hadi kasi itulie. Udongo wa kichanga hunywa milimita 20 au zaidi kwa saa, mfinyanzi 1 hadi 5. Ikiwa chini ya nusu mita kuna tabaka gumu la changarawe nyekundu lisilopitisha maji, mtaro utasimama kama bwawa la mbu. Utafute mahali pengine au lipasuliwe. Mashimo ya kuzamishia maji yakae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, wala yasipokee maji ya zizi au choo.

Miti pandeni, lakini mikaratusi iwe mbali na kisima na chemchemi. Mizizi yake inafika maji ya chini na hukunywa hata kiangazi, wakati ninyi mnaponyimwa.

Watu wanalima hadi ukingo wa mto Rwizi. Sheria inasemaje?
*Msomaji, Mbarara*

Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatenga mita 100 kila upande kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, Rwizi na Manafwa ikiwemo, na mita 30 kwa mito mingine. Pimeni kutoka alama ya juu ya maji ya mafuriko. Ukipima kutoka maji ya Julai umejipunguzia. Pelekeni malalamiko kwa afisa mazingira wa wilaya, na nakala ofisi ya kanda ya maji ya Victoria, mkiwa na picha na vipimo. Ukingo wenyewe huponeshwa zaidi kwa kuzuia ng'ombe kuteremka kila mahali: wajengewe njia moja ya mawe au birika la kunyweshea juu, na majani yatarudi yenyewe misimu michache.

Bwawa letu la mchanga lilijengwa kwenye mto wa msimu. Limejaa, lakini ukichimba unapata tope, si maji. Kwa nini?
*Mfugaji, Napak*

Bwawa la mchanga huhifadhi maji katikati ya chembe za mchanga uliojaa nyuma ya ukuta, na ukuta wenu ulijengwa kwa mara moja hadi juu. Mafuriko ya kwanza yalipofika yakatulia nyuma yake, na penye maji matulivu hata tope laini hutuama. Ukuta wa bwawa la mchanga unapaswa kupandishwa hatua kwa hatua, nusu mita hivi, mchanga ujae ndipo upandishwe tena. Maji yanayopita juu kwa kasi hubeba tope na kuacha mchanga mkubwa.

Pima ulichonacho. Jaza chombo cha lita 20 mchanga mkavu wa bwawani, mimina maji kwa vipimo hadi yaonekane juu, kisha toboa chini na uyakusanye yatokayo kwa siku moja. Yakitoka lita 5 au zaidi, mchanga ni mzuri. Yakitoka lita 1, una tope. Ukuta wa mita 2 kwenye mto wenye upana wa mita 15, mchanga ukirudi nyuma mita 300, unashika kama mita za ujazo 4,500. Robo yake ikitoka ni zaidi ya lita milioni 1. Kwa tope hiyo hesabu haipo.

Kuna njia ya kuokoa: toboeni sehemu ya juu ya ukuta wakati wa kiangazi, fundi akiwepo, ili mafuriko yafuatayo yaburute tope, kisha mpandishe upya kwa hatua. Na mwangalie lilikotoka. Tope jingi hutoka kwenye njia za ng'ombe na makorongo ya karibu. Mistari ya mawe kwenye kontua, urefu wa sentimita 25, na malisho yaliyofungwa misimu miwili juu ya bwawa vitapunguza kinachoshuka. Bila hivyo, ukuta uliopandishwa upya utapokea mzigo uleule.